Jezi na Katiba: Historia Fupi ya Kanuni za Mwenendo wa Wanamichezo wa Shule

Shule zinapojiandaa kwa mashindano, mara nyingi mwanafunzi aliyechaguliwa kuingia katika timu hupewa karatasi ya kutia saini. Karatasi hiyo humtaka aahidi kwamba atahudhuria masomo, atamheshimu mwamuzi, hatapigana, hatatukana, hatatumia vileo wala dawa za kulevya, na atalinda jina la shule popote aendapo. Wengi hutia saini bila kusoma, kwa kuwa macho yao yako kwenye jezi. Lakini raia mwangalifu hatii saini kwenye jambo asilolielewa. Makala hii inakualika ujiulize maswali matatu: Ahadi hizo zilitoka wapi? Nani alizitunga kwanza? Na mwanafunzi anapoivaa jezi ya shule, je, kuna haki anayoivua?

Tutapita kwanza Uingereza, ambako michezo ya shule ilipata sura tunayoijua leo. Kisha tutakaa kwa muda mrefu Marekani, kwa sababu huko swali hili limefikishwa hadi mahakama ya juu kabisa, na hoja za kila upande zikaandikwa wazi. Mwishoni tutarejea kwetu Afrika Mashariki, ambako shule za Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi hukutana katika mashindano ya shule za sekondari yaitwayo FEASSSA.

Maneno kabla ya historia

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyapima maneno kabla ya kuyatumia. Tuyatazame manne.

Mwenendo linatokana na kitenzi cha kwenda: ni namna mtu anavyokwenda katika maisha, na kwa hiyo halihusu tendo moja tu bali mfululizo wa matendo. Nidhamu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kupanga vitu kwa utaratibu. Kanuni nalo lilitufikia kupitia Kiarabu, kilicholipokea kutoka Kigiriki, ambako lilimaanisha ufito au fimbo ya kupimia. Kumbuka jambo hili: kanuni ni kipimo, na kipimo cha haki hakibadiliki kwa kuwa anayepimwa ni mfungaji bora wa timu.

La nne ni uungwana. Leo tunaposema mchezo wa kiungwana, tunamaanisha mchezo usio na hila wala matusi. Lakini zamani, katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Neno lilianza kwa kutaja hadhi ya mtu aliyezaliwa nayo, likaishia kutaja tabia ambayo yeyote anaweza kuwa nayo. Historia ya michezo ya shule, kama utakavyoona, imepita njia iyo hiyo.

Kanuni zilizoandikwa na wanafunzi

Katika karne ya 19, shule za bweni za Uingereza zilikuwa makao ya watoto wa matajiri. Mojawapo ilikuwa Rugby, ambayo Thomas Arnold aliiongoza tangu mwaka 1828 hadi 1842. Arnold hakuwa mpenzi mkubwa wa michezo, lakini aliwapa wanafunzi wakubwa mamlaka ya kuwasimamia wenzao, akiamini kwamba kijana hujifunza kutawala nafsi yake kwa kupewa dhamana. Wanafunzi hao ndio waliosimamia hata mpira. Mwaka 1845, miaka mitatu baada ya kifo cha Arnold, wanafunzi wa Rugby waliziandika sheria za mchezo wao, ambao leo tunauita raga.

Zingatia, msomaji, kwamba sheria hizo hazikuandikwa na serikali wala na walimu. Ziliandikwa na vijana waliochoka kubishana. Hilo ni somo la kwanza la uraia: watu wanaocheza pamoja hufika mahali wakaona kwamba bila kanuni hakuna mchezo, bali vurugu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanena wahenga, na hawezi kukubali kushindwa yule ambaye hajui ni kwa kipimo gani ameshindwa.

Hata hivyo, uungwana wa Waingereza wa wakati huo ulikuwa na mlango mwembamba. Chama cha riadha ya ridhaa kilichoundwa London mwaka 1866 kiliwafungia nje mafundi na vibarua, kwa dhana kwamba mtu anayeishi kwa nguvu za mikono yake hawezi kuwa mshindani mwungwana. Chama kipya kilichoanzishwa mwaka 1880 ndicho kilichoondoa kizuizi hicho. Hapo pia, uungwana uliacha kuwa kabila la watu ukawa tabia ya watu.

Mfumo huo wa mabweni, manahodha na viranja ulivuka bahari pamoja na wamisionari na watawala. Uganda, King's College Budo ilianzishwa mwaka 1906 kwa kuiga shule hizo za Uingereza. Kenya, Edward Carey Francis, aliyetoka Cambridge alikokuwa mwanahisabati, aliongoza shule ya Maseno na kisha Alliance High School tangu 1940 hadi 1962, na anakumbukwa kwa nidhamu yake kali na kwa mapenzi yake ya soka. Kwa hiyo unapoona nahodha akitangulia kupeana mkono na nahodha wa upande wa pili, unaona desturi yenye historia ndefu, ambayo babu zetu waliirithi bila kuulizwa, kisha wakaifanya yao.

Watu wazima wanachukua usukani

Marekani nayo, michezo ya shule za sekondari ilianza mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 wao ndio waliounda timu, wakapanga mechi na kukusanya fedha. Haukupita muda kabla ya hila kuingia. Timu zilichezesha vijana wasiosoma katika shule husika, wengine wakiwa wamepita umri wa shule. Ushindi ulikuwa umekuwa mtamu kuliko ukweli.

Wakuu wa shule waliingilia kati kwa kuunda vyama vya majimbo. Chama cha Illinois kiliundwa mwaka 1900, na mwaka 1910 Texas ikapata chombo chake. Mwaka 1920 wawakilishi wa majimbo matano ya Kati Magharibi walikutana Chicago wakaunda shirikisho lililokuja kuwa la taifa zima. Masharti waliyoyaweka utayatambua mara moja, kwa maana ndiyo yale yale tunayoyajua: mchezaji awe mwanafunzi halisi wa shule anayoiwakilisha, asizidi umri uliowekwa, awe anafaulu masomo, na asilipwe kwa kucheza.

Hapa mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Hila zilipungua, na hiyo ilikuwa faida. Lakini wanafunzi, waliokuwa watunzi wa kanuni, wakawa watiiwa wa kanuni. Tangu hapo swali likawa: watu wazima wanaweza kumtaka mwanafunzi mwanamichezo afanye nini, na wanapaswa kuishia wapi? Tuyatazame mambo manne yaliyogusa kiini cha swali hilo.

Texas, 1984: asiyefaulu hachezi

Katika jimbo la Texas, mpira wa miguu wa Kimarekani ni karibu na ibada. Ijumaa usiku, miji midogo huhamia uwanjani. Mwaka 1984, chini ya Gavana Mark White, na kufuatia kazi ya kamati iliyoongozwa na mfanyabiashara H. Ross Perot, bunge la jimbo lilipitisha sheria kubwa ya marekebisho ya elimu. Kifungu kimoja kiliwashtua wengi: mwanafunzi atakayepata chini ya alama 70 kwa 100 katika somo lolote hataruhusiwa kushiriki michezo na shughuli nyingine za ziada kwa wiki sita.

Makocha na wazazi waliwaka. Wengine walikwenda mahakamani wakidai kwamba sheria hiyo inawanyima vijana haki yao. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba sheria ni halali, na kwamba kushiriki shughuli za ziada si haki ya msingi inayolindwa na katiba. Kwa lugha nyepesi: darasa ni haki, uwanja ni fursa.

Usiipokee hukumu hiyo bila kuitafakari. Waliopinga walikuwa na hoja yenye uzito: kuna kijana ambaye mpira ndio unaomfanya aamke asubuhi kuja shuleni, ukimnyang'anya mpira, huenda ukampoteza kabisa. Waliounga mkono nao walijibu kwamba shule inayomruhusu kijana acheze miaka minne bila kujua kusoma vizuri imemtumia, haikumsomesha. Pande zote mbili zilidai kumpenda mtoto yule yule. Mwaka 1995 bunge lilipunguza adhabu kutoka wiki sita hadi wiki tatu, lakini msingi ulibaki. Gavana White mwenyewe alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1986, na hasira ya makocha hutajwa kuwa miongoni mwa sababu. Kusimamia kanuni kuna gharama, na wakati mwingine hulipwa na anayeisimamia.

Vernonia, 1995: mwili wa mwanamichezo

Vernonia ni mji mdogo wa wakata mbao katika jimbo la Oregon. Mwishoni mwa miaka ya 1980, walimu wake waliona kwamba matumizi ya dawa za kulevya yanaongezeka na kwamba wanamichezo wamo miongoni mwa vinara. Mwaka 1989 wilaya ya shule ikaweka utaratibu: kila mwanafunzi anayetaka kucheza, pamoja na wazazi wake, atie saini kukubali kupimwa mkojo. Wanamichezo wote walipimwa mwanzoni mwa msimu, kisha kila wiki asilimia 10 yao walichaguliwa kwa bahati nasibu. Matokeo hayakupelekwa polisi.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa darasa la saba, ambaye hakushukiwa kosa lolote, alitaka kucheza. Yeye na wazazi wake walikataa kutia saini, naye akazuiwa. Wazazi walifungua kesi, wakitegemea Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, ambayo humlinda mtu asipekuliwe bila sababu ya msingi.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1995, majaji 6 kwa 3, ikiupa ushindi uongozi wa shule. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba wanafunzi, kwa kuwa wako chini ya uangalizi wa shule, wana faragha ndogo kuliko watu wazima. Na wanamichezo wana faragha ndogo zaidi, kwani huvua nguo na kuoga pamoja, hukubali uchunguzi wa daktari, na hujiunga kwa hiari na shughuli yenye masharti mengi. Jaji Sandra Day O'Connor, kwa niaba ya wale watatu, alipinga. Kwake yeye, kuwapekua wote ili kuwapata wachache ni kinyume cha maana ya kifungu hicho. Shule ingewapima wale tu ambao kulikuwa na sababu ya kuwashuku.

Hukumu hiyo haikuishia uwanjani. Mwaka 2002, katika kesi iliyotoka Tecumseh, jimbo la Oklahoma, Mahakama iliruhusu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kupimwa kwa wanafunzi wa shughuli zote za ziada za ushindani, wakiwamo waimbaji wa kwaya na washindani wa chemshabongo. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akionyesha kwamba waliolengwa ni wanafunzi walio mbali zaidi na hatari ya dawa hizo kuliko wenzao, na kwamba utaratibu huo unaweza kuwafukuza katika shughuli wale wanaozihitaji zaidi. Tazama jinsi kanuni inavyotembea: ilitungwa kwa ajili ya mwanamichezo, ikamfikia mwimbaji. Ndiyo maana raia asiye mwanamichezo naye hana budi kufuatilia kanuni za wanamichezo.

Mahanoy, 2021: ulimi wa mwanamichezo

Mwaka 2017, katika wilaya ya shule ya Mahanoy, jimbo la Pennsylvania, msichana wa miaka 14 aliomba nafasi katika kikosi cha kwanza cha ushangiliaji, ambao huko huhesabiwa kuwa mchezo. Hakuchaguliwa; akaachwa katika kikosi cha wadogo. Mwishoni mwa juma, akiwa dukani na rafiki yake, alituma picha katika Snapchat akionyesha ishara ya matusi, na maneno ya kuitukana shule, ushangiliaji na kila kitu. Picha zilikuwa za kutoweka baada ya muda mfupi, lakini mwenzake mmoja aliinasa, ikawafikia makocha. Alisimamishwa katika timu kwa mwaka mzima, kwa kuwa alikuwa amekubali kanuni zilizomtaka aiheshimu shule, makocha na wenzake, na asitumie lugha chafu.

Ili uielewe kesi hii, kumbuka kwanza ile ya mwaka 1969. Wanafunzi wa Des Moines, jimbo la Iowa, walivaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, wakasimamishwa masomo. Mahakama ya Juu iliamua, 7 kwa 2, kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake wa maoni langoni pa shule. Shule yaweza kumzuia tu pale anapovuruga masomo au kuingilia haki za wengine. Sasa swali liligeuka: kama haachi uhuru wake langoni anapoingia, je, shule yaweza kumfuata nje ya lango anapotoka?

Mahakama ilijibu mwaka 2021, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba msichana yule aliadhibiwa isivyo halali. Jaji Stephen Breyer alitoa sababu zinazofaa kukumbukwa. Nje ya shule, mwenye jukumu la malezi ni mzazi. Pili, ikiwa shule itatawala maneno ya ndani na ya nje, basi mtoto hatakuwa na saa hata moja ya kusema kwa uhuru. Tatu, shule yenyewe ina maslahi katika kulinda maoni yasiyopendwa, kwa kuwa shule ni kitalu ambamo demokrasia huoteshwa. Hata hivyo, hukumu haikuwapa wanafunzi ruhusa ya kila kitu: shule bado inaweza kushughulikia uonevu mkubwa, vitisho, na udanganyifu katika masomo hata vikifanyika nje ya eneo lake.

Jaji Clarence Thomas peke yake alipinga. Alisema kwamba kihistoria shule ziliweza kumwadhibu mwanafunzi kwa maneno ya nje yenye kuidhuru shule, na kwamba anayeiwakilisha shule ana uwezo mkubwa zaidi wa kuidhuru. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Jezi ina jina la shule, si jina la mchezaji peke yake.

Weka hukumu hizi mbili kando kwa kando: ya Vernonia ilisema mwanamichezo anaweza kutakiwa kutoa zaidi ya wenzake, ya Mahanoy ilisema kwamba hata yeye hawezi kutakiwa kutoa kila kitu. Saini yake ina uzito, lakini haimgeuzi kuwa mali ya shule.

Brentwood: kanuni kwa makocha

Msomaji anaweza kudhani kwamba kanuni za mwenendo ni za vijana tu. Sivyo. Mwaka 1997, kocha wa shule moja binafsi ya Brentwood, jimbo la Tennessee, aliwaandikia barua wavulana waliokuwa bado darasa la nane katika shule nyingine, akiwaalika mazoezini. Chama cha michezo cha jimbo kilikataza kuwashawishi wanafunzi kwa ajili ya michezo. Shule ilitozwa faini ya dola 3,000, ikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka minne, na timu zake za mpira na mpira wa kikapu wa wavulana zikazuiwa kucheza mashindano ya mtoano kwa miaka miwili.

Shule ilishtaki, na kesi ilifika Mahakama ya Juu mara mbili. Mwaka 2001 Mahakama iliamua kwamba chama kile, ingawa kilijiita cha binafsi, kimeshikamana na serikali kiasi kwamba nacho kinapaswa kuitii Katiba. Mwaka 2007 iliamua kwamba kanuni ya kuzuia ushawishi ni halali: shule iliyojiunga kwa hiari na chama inapaswa kufuata masharti yake, na watoto wadogo wanastahili kulindwa dhidi ya ushawishi wa makocha. Kwa kifupi: anayetoa kanuni naye yuko chini ya kanuni, na anayefundisha mchezo naye anachungwa.

Turudi nyumbani

Hadithi hizi za mbali zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu sana, kwa sababu maradhi ni yale yale. Katika mashindano ya shule za ukanda wetu, malalamiko ya wachezaji waliopita umri, na ya wachezaji wanaohamishwa kutoka shule moja hadi nyingine kwa ajili ya kombe, yamesikika mara kwa mara. Mara nyingi adhabu humwangukia kijana: jina lake hutajwa, ndoto yake hukatika. Lakini kijana wa kijijini hakujiandikia uhamisho, wala hakujibadilishia tarehe ya kuzaliwa peke yake. Nyuma yake kuna mtu mzima aliyetaka kombe. Kipimo kinachompima mtoto na kumwacha mtu mzima si kanuni; ni fimbo tu.

Sisi nasi tuna sheria zetu za kutegemea, si za Marekani pekee. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika 1999, unataka nidhamu ya shule itekelezwe kwa ubinadamu na kwa kuheshimu utu wa mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili. Kwa hiyo kocha anayempiga mchezaji kwa kukosa bao haimarishi nidhamu, anavunja sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 47, na Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 42, zinamhakikishia mtu kutendewa haki katika maamuzi ya kiutawala. Msingi wake ni wa kale: usimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Mkataba ule wa Afrika una jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Ibara yake ya 31 inataja wajibu wa mtoto: kwa familia yake, kwa jamii yake, kwa taifa lake. Hapo Afrika imesema jambo kwa sauti yake yenyewe, kwamba haki na wajibu ni mapacha. Mwanafunzi anayedai haki ya kusikilizwa anapotuhumiwa, sharti pia akubali filimbi ya mwamuzi hata inapomuuma. Heshima si utumwa.

Neno la kuagana

Mpenzi msomaji, utakapoletewa karatasi ya kanuni, isome polepole, tena uisome pamoja na mzazi au mlezi wako. Uliza: Je, makosa na adhabu zake zimetajwa kabla, au zitatungwa siku ya kosa? Je, nitasikilizwa kabla ya kuadhibiwa? Je, adhabu inalingana na kosa? Je, kocha na mwalimu wa michezo nao wametia saini ya kwao? Na je, kanuni inaishia wapi, uwanjani, langoni, au inanifuata hadi kitandani kwangu?

Ukiridhika na majibu, tia saini kwa moyo mweupe, kisha uitimize ahadi yako kuliko walivyotarajia. Usiporidhika, uliza kwa adabu, na usiogope kuuliza. Wavulana wa Rugby waliandika kanuni zao mwaka 1845 kwa sababu waliutaka mchezo udumu. Hakuna kinachowazuia wanafunzi wa leo kukaa na walimu wao na kuandika kanuni ambazo pande zote mbili zitaona fahari kuzitii. Aliyeshiriki kuitunga kanuni huilinda hata pale ambapo mwamuzi hatazami, na hapo ndipo uungwana huanzia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Texas iliona kwamba darasa ni haki na uwanja ni fursa. Je, unakubaliana na mgawanyo huo? Toa sababu mbili.

2. Ungekuwa jaji katika kesi ya Vernonia, ungeungana na Jaji Scalia au na Jaji O'Connor? Eleza kwa aya moja.

3. Mchezaji wa timu yenu amemtukana kocha katika kundi la simu siku ya Jumapili. Andikeni, kwa makundi ya watu watano, kanuni moja inayofaa kuhusu jambo hilo, pamoja na adhabu yake na utaratibu wa kumsikiliza.

4. Eleza tofauti kati ya nidhamu na hofu. Tumia maneno mwenendo, kanuni na uungwana katika jibu lako.